Kabla Hujauliza Maana, Soma Sura Nzima

Daladala zinazotoka Mwanjelwa kwenda Uyole zinahubiri kwa vioo vya nyuma. Nyingine zimeandikwa "Bwana ndiye mchungaji wangu", nyingine "Mungu si Athumani", lakini andiko linaloongoza barabara hii ni Yeremia 29:11. Utalikuta pia kwenye kadi za kipaimara, kwenye mabango ya mahafali ya kidato cha nne, na kwenye keki za sendofu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Sina ugomvi na mstari huo. Ninachogombana nacho ni jinsi tunavyoupokea: umeshakatwa, hauna aliyesema wala aliyeambiwa. Kusoma mstari mmoja peke yake ni kama kumsikiliza abiria wa kiti cha mbele akiongea na simu. Unasikia "sawa, basi mleteni, tutapokea", unadhani ni harusi, kumbe wanasafirisha maiti.

Kwetu tuna kikundi cha majirani tunaokutana Alhamisi jioni sebuleni kwangu. Wamoravian ndio wengi, kama ilivyo Mbeya. Wapo Walutheri, yupo mama mmoja Mkatoliki asiyekosa hata mvua ikinyesha, na yupo fundi pikipiki ambaye kila akisikia kuna kanisa jipya huenda kulionja. Kanuni yetu ni moja na tumeishikilia kwa ubishi: hakuna kueleza chochote kabla sura nzima haijasomwa kwa sauti, na ikibidi ile iliyotangulia pia. Mwenye swali aweke kidole kwenye mstari wake anyamaze. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Uyole ikipamba moto, kanuni hii ina maadui, maana watu wanataka kuwahi kulala. Tunawapa chai ya tangawizi, tunaendelea kusoma.

Bibi mmoja mwenyeji wa Rungwe hajui kusoma, na ndiye anayesikia vizuri kuliko sisi sote. Hana pa kurukia. Sisi wenye vitabu macho yetu hukimbilia mstari tuliokwisha kuupigia wino wa njano. Yeye anaisubiri hadithi ifike yenyewe. Mara nyingi swali lililofungua andiko limetoka kwake.

Namba zenyewe hazikuwekwa na Yeremia wala Paulo. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, katika chapa aliyoitoa mwaka 1551. Zinasaidia sana kutafuta mahali. Ila mahali namba inapoishia si lazima ndipo msemaji alipoishia.

Tulipofika Yeremia 29, basi, tulianzia 28. Na huko tukamkuta Hanania, nabii mwenzake Yeremia, akihubiri hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha: mateka watarudi, na vyombo vya hekalu vitarudi navyo. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, ishara ya kutawaliwa na Babeli. Hanania akaivua akaivunja mbele ya watu. Nawaza umati ule ulivyoshangilia. Sura ya 29 inafuata hapo, nayo ni barua. Inapelekwa Babeli kwa watu waliochukuliwa pamoja na mfalme Yekonia, uhamisho wa mwaka 597 kabla ya Kristo. Barua inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uleule uliowateka, na wasidanganywe na manabii walio kati yao. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Ndipo unakuja wa 11.

Tuna mzee mstaafu wa reli ya TAZARA. Aliposikia sabini aliomba msomaji arudie. Akasema, "Sabini? Basi mtu wa umri wangu aliyesomewa barua hii alijua atazikwa hukohuko."

Hakuna aliyewahi kuutazama hivyo kati yetu. Ahadi ni ya kweli, ila walioisikia kwanza wengi wao hawakuishi kuiona, na waliambiwa waitumaini huku wakichimba msingi wa nyumba katika mji wasioupenda. Nabii wa miaka miwili ndiye aliyekuwa na habari tamu. Nikisikia siku hizi mtu anatangaziwa kwamba mwezi huu ndio mwezi wake, na mstari anaotangaziwa ni huohuo wa Yeremia, nataka kuuliza kama aliyemtangazia amewahi kusoma sura ya 28.

Andiko lililotusumbua kuliko yote halikuja kama somo, lilikuja likapiga hodi. Jirani yangu mmoja ana mtoto wa kiume mwenye kifafa. Alikuwa amekwenda kwa mtumishi mmoja wa maombezi, akaambiwa kwamba pale hakuna ugonjwa, kuna laana ya ukoo: baba wa babu yake mtoto alikuwa mganga, mikoba yake haikuteketezwa, na Mungu mwenyewe amesema atapatiliza, yaani atawaadhibu watoto kwa maovu ya baba zao, hadi kizazi cha nne. Akahesabiwa vizazi kwa vidole, mganga wa kwanza, babu wa pili, baba wa tatu. Mtoto akaangukia cha nne. Ikatajwa na sadaka ya kumkomboa. Akaja kwangu kabla ya kuitafuta hiyo hela, Biblia imefunguliwa Kutoka 20, kidole kiko mstari wa tano. "Mama, imeandikwa au haijaandikwa?"

Imeandikwa. Hilo lazima likubaliwe kwanza. Nimeona watu wakimfariji mtu kwa kuukwepa mstari, naye akirudi nyumbani akifungua kitabu anaukuta unamsubiri palepale.

Alhamisi ile tukasoma Kutoka 20 yote. Mstari wa tano uko ndani ya amri ya sanamu, na wanaotajwa ni "wanichukiao". Halafu mstari wa sita, ambao hakuna aliyemsomea yule mama, unasema, "nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao". Fundi pikipiki alipiga hesabu akacheka: upande mmoja watatu hadi wanne, upande mwingine maelfu. Mzee wa reli akaongeza la kwake, kwamba vizazi vinne ndio watu wanaoweza kuwahiana hai katika boma moja, babu mkubwa hadi kitukuu, wakila chungu kimoja na kuabudu kitu kimoja. Mimi naliona hilo lina mashiko, ingawa mstari wenyewe haulisemi.

Mama Mkatoliki akatutoa Kutoka akatupeleka Kumbukumbu la Torati 24:16. Torati hiyohiyo inakataza watoto kuuawa kwa kosa la baba zao. Na haikubaki karatasini: 2 Wafalme 14 inasimulia mfalme Amazia alivyowaua watumishi waliomwua baba yake, lakini watoto wao akawaacha, na mwandishi anasema wazi aliwaacha kwa sababu ya sheria hiyo. Sasa swali likawa gumu zaidi, na aliyeliuliza ni bibi: "Mungu awakataze waamuzi kufanya jambo, halafu alifanye yeye?"

Hatukumjibu. Tulisoma Ezekieli 18 wiki iliyofuata, na tuliisoma polepole. Sura hiyo inachukua ukoo mmoja, vizazi vitatu. Baba ni mwenye haki. Mwanawe ni mnyang'anyi na mmwaga damu. Mjukuu anaona yote aliyoyatenda baba yake, anaogopa, hayatendi. Kila mmoja anahesabiwa lake. Na waliokuwa wanaambiwa haya ni watu walewale wa uhamishoni, waliokuwa na msemo wao: baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yametiwa ganzi. Walikuwa wanasema, sisi tunalipia ya wazee. Ezekieli anaambiwa msemo huo ukome katika Israeli.

Tungeishia hapo tungelala vizuri. Lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijana mkaidi ninayempenda kwa ukaidi wake, akasoma 2 Wafalme 24:3, inayosema Yuda iliondolewa kwa ajili ya dhambi za Manase, mfalme aliyekwisha kufa zamani. Akasoma na Maombolezo 5:7, ambako waombolezaji wanasema baba zao walitenda dhambi na hawako tena, na wao ndio wameyabeba maovu yao. Kwa hiyo wale wenye msemo wa zabibu hawakuutoa hewani. Sebule ikachangamka kama sokoni.

Ninavyoona mimi, tumezoea kuchanganya hasara na hatia. Hasara inarithiwa, kila mtu hapa Uyole anaijua. Baba akiuza shamba la ukoo akalinywea, wanawe watakua bila shamba, na wajukuu watapanga vyumba barabarani. Hao watoto hakuna mahakama itakayowafunga kwa kuuza shamba. Manase aliiachia Yuda hasara ya miaka mingi; hatia ya Manase ni ya Manase. Mwalimu bado hajakubali. Anasema nimeipasua Biblia vipande viwili ili kila upande ushinde. Huenda.

Tukamalizia kwa Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na kabla hata ya kumsalimia wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Tulisoma sura yote, hadi pale wazazi wanapoitwa kuhojiwa na kuogopa kufukuzwa katika sinagogi. Jirani yangu alikuwa amenyamaza muda wote. Akasema, "Kumbe na wanafunzi wake waliuliza kama nilivyouliza mimi." Basi. Sadaka ile hakuitoa. Mtoto anatumia dawa za kifafa kila siku kwa saa yake, na nesi amemkanya mama asije akaziacha ghafla hata akiona mtoto amepata nafuu. Bado huanguka mara mojamoja. Tunamwombea Alhamisi, na baba wa babu yake hatumtaji.

Luka 16 nitaielezea kwa kirefu kidogo kwa sababu hapo nina ujuzi, tena wa kazi. Kabla sijahamia huku nilikuwa karani wa ghala la mpunga Igurusi. Anayejua biashara ya Usangu anajua inavyokwenda. Mkulima anahitaji hela ya kulimia na ya mbolea wakati mpunga bado uko kwenye majaruba. Anakopa, anaandikiwa atalipa magunia kadhaa akivuna. Tajiri haishi pale. Anaonekana msimu wa mavuno, na simu yake inapokelewa na karani. Daftari liko kwa karani. Kwa mkulima, karani ndiye tajiri.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya wakili dhalimu, yule msimamizi wa mali ya tajiri katika mfano wa Yesu, yanamkimbia wakili mwenyewe. Yanaruka moja kwa moja hadi "uwe mwaminifu katika lililo dogo". Ukitaka kumwelewa, tazama anavyofanya kazi. Ameshaambiwa atoe hesabu, uwakili unakwisha. Kulima hawezi, kuomba anaona haya. Anawaita wadeni mmojammoja. Nilipofika hapo nilicheka kwa sauti, watu wakanishangaa. Hakuna karani duniani anayewaita wadeni wote pamoja kwa shughuli ya namna hiyo! Anamwuliza kila mmoja anadaiwa kiasi gani, ingawa hati anazo na anajua. Anataka mdeni aitamke mwenyewe. Halafu anasema, "Twaa hati yako, keti upesi, andika hamsini." Andika wewe. Mwandiko utakaoonekana kwenye hati ni wa mdeni, si wa wakili. Kuanzia dakika ile wako pamoja, na mdeni hatakuwa na haraka ya kumsema. Na punguzo halilingani: wa mafuta anapunguziwa nusu, kutoka mia hadi hamsini; wa ngano anatolewa mia hadi themanini. Luka haelezi kwa nini. Mimi nadhani aliwajua watu wake, nani anamfaa kwa kiasi gani.

Mama mmoja anayeuza viazi alishika hilo neno "upesi". Kwenye viazi, alisema, mtu akikuharakisha namna hiyo jua kuna lumbesa mahali, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Kisha bwana wake anamsifu, na hapo ndipo wasomaji wote hukwama. Wapo wanaofundisha kwamba wakili alipunguza faida yake mwenyewe, au riba iliyofichwa ndani ya deni, kwa kuwa Torati ilikataza kumtoza riba ndugu. Ni maelezo yanayomsafisha, na Luka hakuyaandika. Mstari wa nane bado unamwita dhalimu. Mimi namwona tajiri akifika kijijini na kukuta nyumba zote zinamshukuru kwa ukarimu wake. Anaweza kusimama barabarani akasema ule haukuwa ukarimu wangu, rudisheni, akachukiwa na kila mtu. Au anaweza kumeza na kukiri kwamba huyu mtu ana akili. Anayesifiwa anasifiwa kwa busara, na mstari unasema hivyo hivyo.

Kanuni ya sura nzima ilitulipa vizuri sana hapo. Mstari wa tisa Yesu anasema mjifanyie rafiki kwa mali ya udhalimu, ili ikikosekana wawakaribishe katika makao ya milele. Mstari wa 14 Mafarisayo, wapenda fedha, wanamdhihaki. Na kuanzia mstari wa 19 kuna tajiri mwingine, mwenye rafiki tayari mlangoni, amelala na vidonda, mbwa wanamlamba. Lazaro. Angeweza kumpata kwa makombo tu. Hakumfanya rafiki, mali ikakosekana, na makao aliyoyaona kwa mbali Lazaro ndiye aliyekuwa amekaribishwa. Nimesoma hadithi hizi mbili tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kusikia mtu akizisoma kwa pamoja, ilhali Luka amezipanga ukurasa mmoja.

Muuza viazi akauliza kama basi Yesu anafundisha watu kuchezea daftari. Mzee wa reli akamjibu, "Anatufundisha kwamba barua ya kuachishwa kazi tumeshaandikiwa wote." Akarudi kwenye chai yake.

Zaburi 137 inapendwa na kwaya zetu hadi mahali fulani. Kando ya mito ya Babeli tuliketi, tukalia, vinubi kwenye miti; wanaimba vizuri kabisa. Mstari wa mwisho hakuna kwaya inayouimba, ule unaomtaja heri atakayewakamata wadogo wa Babeli na kuwaseta juu ya mwamba. Binti aliyekuwa anasoma alipofika hapo alisita, akatutazama kama anaomba ruhusa. Tukamwambia amalize.

Mtu wa kwanza kusema hakuwa msemaji wa kawaida. Ni mzee aliyekuwa jeshini, aliyefika Uganda mwaka 1979. Alisema aliyeutunga ameona kitu hicho kikifanywa kwa watoto wake, kwa sababu mtu hatungi kitu kama hicho kichwani, na mtu aliyeona hasali kistaarabu. Tukarudi mstari wa nane, na kweli, unasema Babeli ilipwe kama ilivyowatendea wao. Mwalimu akasema jambo ambalo nadhani ndilo la kushika: hakuna anayeamriwa kitu katika zaburi hiyo. Ni mtu anamwambia Mungu. Hakuchukua panga, alichukua maneno, na akayapeleka kwa mwenye kuhukumu. Ukiusoma kama agizo utatisha. Ukiusoma kama sala utatisha vilevile, ila utajua unamsikiliza nani.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba njia hii hufungua kila kufuli. Mtini alioulaani Yesu, Marko 11, ulifunguka kwa urahisi: Marko anauanza, anauacha, anakwenda hekaluni ambako Yesu anapindua meza, anarudi kwenye mtini uliokauka, ukisoma moja kwa moja unaona kwamba mti wenye majani bila tini na hekalu lenye shughuli nyingi vinasemwa kwa pumzi moja. Mithali 26, mstari wa nne unakataza kumjibu mpumbavu na wa tano unaagiza umjibu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kugawa urithi anajua yote mawili ni kweli, kazi ni kujua saa. Lakini nabii Elisha, 2 Wafalme 2, na wale vijana waliomdhihaki upara, dubu wawili wakatoka msituni wakararua 42? Nimesoma sura nzima, na iliyotangulia, na iliyofuata. Nimejifunza kwamba walitoka Betheli, na kwamba Betheli ndiko Yeroboamu alikoweka ndama ya dhahabu, 1 Wafalme 12. Inasaidia kidogo. Dubu bado ni dubu na 42 bado ni 42.

Kwa hali kama hiyo napata nafuu katika 2 Petro 3:16, inayokiri kwamba katika nyaraka za Paulo "yamo mambo ambayo ni vigumu kuelewa nayo". Petro anasema hivyo! Mstari huohuo unaonya juu ya wanaoyapotoa. Na towashi wa Kushi, Matendo 8, alikuwa mtu mkubwa wa hazina ya malkia, ana gombo lake, anajua kusoma, na bado alipoulizwa kama anaelewa akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Hatukatai kuongozwa. Mchungaji akipata nafasi huja, tunamketisha mwisho, naye kwa hekima yake husubiri kusoma kwishe ndipo aseme. Kamusi ya Biblia ipo mezani, na ramani zile za nyuma ya kitabu zimechakaa kwa kufunuliwa. Ila vitu hivyo tunavifikia baada ya sura. Tukivianza mapema, watu huacha kusikiliza na kuanza kunakili.

Sasa tumekwama kwenye Waamuzi 11, binti Yeftha. Baba ameweka nadhiri kwamba atakayetoka mlangoni kumlaki atakuwa sadaka ya kuteketezwa, na anayetoka na matari ni mtoto wake wa pekee. Nusu ya sebule inasema alimchinja kweli. Nusu inasema alimweka wakfu akae bila kuolewa, ndiyo maana anaulilia ubikira wake. Mimi niko na nusu ya kwanza, maana kitabu chenyewe kinazidi kuoza sura hadi sura, na kinaishia kwa kusema kila mtu alifanya alivyoona vema machoni pake. Fundi pikipiki akaja na Walawi 27 akiwa amefurahi: mtu aliyewekewa nadhiri anaweza kukombolewa kwa fedha, na msichana wa miaka mitano hadi ishirini bei yake ni shekeli 10. Kwa hiyo Yeftha angelipa tu! Mwalimu akamwambia asome hadi mwisho wa sura, na kwenye mstari wa 28 na 29 kuna waliowekwa wakfu kabisa, wasiokombolewa. Wakaanza kubishana kama binti yuko fungu la juu au la chini.

Bibi akauliza, "Binti aliomba miezi miwili akapewa. Miezi yote hiyo, hapakuwa na kuhani hata mmoja wa kuulizwa?"

Tukapitia sura ya 10, ya 11 na ya 12 tukimtafuta kuhani. Hayumo. Tukaendelea mbele hadi sura ya 17, na kuhani wa kwanza tuliyemkuta ni mtoto wa Mika, aliyepewa ukuhani na baba yake humohumo nyumbani, kando ya sanamu zao. Alhamisi ijayo tunaanzia kwake.